Kinundu Mkononi mwa Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiherehere alichukua rula na daftari, akapima kinundu kilichokuwa mkononi mwa bibi yake. Jina hilo la Kiherehere alipewa na bibi mwenyewe, wala si kwa mapenzi. Ndani ya kinundu mlikuwa na jeli laini iliyobeba dawa ya saratani, aliyodungwa na nesi kliniki. Jeli ilitakiwa kuyeyuka polepole na kuachia dawa kidogo kidogo, ili kinga ya mwili iamke ipigane na ugonjwa. Dawa ilikuwa bado ya majaribio, na nesi alikuwa amesisitiza: pima kila siku, andika.

Jumatatu moja wenzake wa shule walimpitia Kiherehere mapema.

"Mikono baridi kama ya maiti!" bibi alifoka mbele yao alipoguswa. "Hata kuoga hujui, utajua kupima?"

Wenzake wakaangua kicheko. Kiherehere akatupa rula kitandani. "Basi jipime mwenyewe!"

"Toka hapa! Huna adabu!"

Siku nne hawakusemeshana. Kiherehere aliweka sahani mezani kwa kishindo, bibi akala amempa mgongo. Daftari, hata hivyo, halikukosa namba. Kiherehere alizibuni jikoni, milimita kumi na nane, kumi na tatu, nane, tatu. Nani angejua?

Ijumaa wakaenda kliniki. Kinundu kilikuwa kimekwisha. Nesi akasoma daftari, akatabasamu.

"Imeyeyuka taratibu kabisa! Basi leo tunaongeza nguvu ya dawa." Akaanza kuvuta dawa kwenye sindano.

Kiherehere akasogea karibu na trei. "Na kama iliyeyuka haraka?"

"Ingekuwa dawa yote imemwagika mwilini kwa mpigo. Nikiongeza tena, naweza kumuua. Kwa nini unauliza?"

Kiherehere alimtazama bibi. Hasira zake zilikuwa palepale, hazijapoa hata kidogo. Lakini kumzika? Hapana!

"Sikupima," alisema. "Namba zote za wiki hii ni za uongo."

Sindano ikarudi kwenye trei. "Ati nini? Unachezea roho ya mtu?"

"Mwache," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Kiliisha Jumanne. Nilitetemeka kwa homa, nikanyamaza. Niliogopa mtaninyima dawa. Na huyu sikutaka anione mnyonge."

"Mtu mzima hovyo!" Nesi alikuwa amewaka. "Mficha maradhi, kifo humuumbua! Na wewe binti, nuna upendavyo, lakini daftari halinuni. Siku usiyopima, andika 'sikupima'. Ukweli huo mfupi ungetosha kumlinda."

Alimwita daktari. Wakaahirisha sindano kwa wiki moja, kisha wakampa dawa iliyopunguzwa.

Asubuhi iliyofuata sindano hiyo, bibi alinyoosha mkono huku uso ameuelekeza ukutani.

"Umenawa maji ya moto?"

"Nimenawa. Na wewe ukipata homa, useme."

"Nitasema, Kiherehere mkubwa. Haya, pima. Na uandike unachokiona, hata kama tumegombana."

Kiherehere akaweka rula juu ya kinundu kipya, akaandika: milimita ishirini na moja.