Papa Sebarenzi Aenda Walikale kwa Baiskeli

Papa Sebarenzi wa Karuba alikuwa na ng'ombe, shamba la viazi, mke anayeitwa Dancille, na baiskeli. Aliwapenda ng'ombe wake. Alimpenda Dancille pia, tena alimwogopa kidogo. Lakini baiskeli aliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa safi, kitambaa ambacho Dancille alikuwa akikitafuta.

Kuipanda, hiyo ilikuwa habari nyingine. Milima ya Karuba haina huruma. Mara nyingi Sebarenzi alitembea kando ya baiskeli yake, ameishika kama mtu anayepeleka fahali sokoni.

Siku moja, mwaka 1953, mchuuzi wa mawese kutoka Walikale aliingia uani.

"Papa Sebarenzi, nakuletea habari," akasema. "Binti yako Béata amezaa. Mama iko muzima, mutoto iko muzima. Padri atabatiza siku kubwa ya Mama Maria, mu mwezi wa munane."

Dancille akapiga vigelegele. Sebarenzi akakumbuka neno la siku ya ndoa. Siku ile yeye na Papa Benoît, baba wa mume wa Béata, walikubaliana mbele ya watu. Babu anayetoka mbali ndiye atakayetaja jina la mjukuu wa kwanza. Asipofika siku ya ubatizo, atataja yule wa karibu. Sebarenzi alikuwa amejigamba kwamba atafika kwa baiskeli yake mwenyewe.

"Na Papa Benoît anasemaje?" akauliza.

Mchuuzi akatazama miguu yake. "Anasema batu ba kunywa maziwa hawawezi njia ya pori. Anasema atakutumia tipoy."

Tipoy ni kiti kinachobebwa na watu mabegani. Wakati ule kilibeba wakubwa na wagonjwa. Sebarenzi hakuwa mkubwa, kwa hiyo alielewa. Neno lile lilimchoma moyoni.

"Kunibeba mimi?" akapaza sauti. "Nitafika na kinga yangu, na mutoto ataitwa Sebarenzi!" Kinga ndilo jina la baiskeli huko kwetu.

Jirani yake Hakorimana, mshona nguo, naye alikuwa na baiskeli. Akakubali kumsindikiza. Wakaanza kujitayarisha, na Sebarenzi akawa mwalimu. Hakuna aliyemchagua, ila yeye mwenyewe.

"Ng'ombe ya safari inafanywa nini?" akamwuliza Hakorimana. "Inapumzishwa. Inapewa chumvi na majani mengi. Njo sisi vilevile. Tulale, tukule, tuweke nguvu."

Basi wakalala. Wakala viazi, wakanywa maziwa, na jioni wakanywa kasikisi, ile pombe ya ndizi, eti inaongeza damu. Kweli kitu kiliongezeka. Mkanda wa Sebarenzi ukakosa tundu.

Dancille akasimama mlangoni, jembe begani.

"Papa Béata, uko unafanya nini?"

"Niko naweka nguvu."

"Ng'ombe inayolazwa na kunoneshwa hivi, mimi najua inangojeaka nini," Dancille akasema. "Inangojea kisu."

Akaenda shambani. Sebarenzi akageukia upande wa pili.

Ikafika siku ya kujaribu. Walitaka kwenda Mushaki na kurudi. Lakini Karuba ni mahali pa adabu. Mtu hampiti mwenzake akiwa amekaa juu. Anashuka, anampa mkono, anauliza habari za watoto, kisha habari za ng'ombe. Wakashuka kwa bibi Mukasine. Wakashuka kwa Papa Kanyamibwa, ambaye ana ng'ombe wengi, na kila mmoja ana habari zake. Kila ua uliwapa kibuyu cha kasikisi, na kukataa ni dharau. Jua lilipofika kichwani, bado waliona moshi wa jiko la Dancille.

Wakaupanda mlima wa kwanza. Kifua cha Sebarenzi kikalia kama mvukuto wa mhunzi. Mguu wa Hakorimana ukakakamaa, akaanguka kando ya njia huku akimwita mama yake. Sebarenzi akafika juu, akaanza kuteremka kwa furaha, akashika breki. Breki hazikujibu. Alizipangusa kila siku, lakini hakuwahi kuzikaza. Akaingia moja kwa moja katika tope wanamonywea ng'ombe. Ng'ombe wakasogea kidogo kumpa nafasi.

Nestor, muuguzi wa dispansere, alikuwa akipita kwa baiskeli yake. Alizoea kuzunguka vilima vyote kuchanja watoto. Akamtoa Sebarenzi topeni, akamnyoosha Hakorimana mguu taratibu, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Papa Nestor, usicheke," Sebarenzi akasema. "Nisipofika Walikale, Benoît atamupa mutoto jina lake. Nitajificha wapi?"

Nestor akaacha kucheka. "Papa, nguvu hailaliwi. Moyo na miguu zinajifunza kwa kazi, kidogo kidogo. Leo nenda mpaka kwa mto, urudi. Kesho pumzika. Keshokutwa, sogea mbele kidogo."

"Nitajua namna gani kama nakimbia sana?"

"Ongea na Hakorimana. Kama unaweza kuongea, mwendo iko muzuri. Kama pumzi inakata maneno, punguza."

"Huyu?" Hakorimana akasema. "Huyu hata ndani ya tope alikuwa anaongea."

Nestor akaendelea. Maji yachemshwe, yapoe, wabebe katika kibuyu safi, na wanywe kidogo kidogo kabla ya kiu. Kasikisi wamwachie mtu anayebaki nyumbani. Wale viazi na maharagwe, lakini wasipande wakiwa wameshiba sana. Wajaribu breki kila asubuhi kabla ya kuondoka. Kisha akatazama kiti cha baiskeli ya Sebarenzi. Kilikuwa chini kama kigoda cha kukamulia.

"Kwa nini iko chini hivi?"

"Ili nikianguka, nisianguke mbali."

Nestor akakipandisha. "Pedali ikifika chini, mguu ubaki umekunjwa kidogo tu. Na mulima ukikushinda, shuka, sukuma. Hakuna haya."

"Sawa. Na salamu? Nikipita batu bila kushuka, watasema nina kiburi."

Nestor akakuna kichwa. "Dispansere haina dawa ya hiyo."

Dawa alikuwa nayo Dancille. Jumapili, watu walipotoka misani, akasimama mbele yao.

"Batu ya Karuba! Mume wangu akipita na kinga, atapiga kengele. Hajawasahau. Salamu zake ameziacha kwangu. Mwenye kuzitaka aje kuzichukua nyumbani."

Nao wakaja kweli! Kila siku Sebarenzi alipotoka kufanya mazoezi, uani palijaa. Dancille alishika mikono, akauliza habari za ng'ombe wa kilima kizima, akamimina ile kasikisi ambayo mumewe hanywi tena. Shamba likamngojea. Alinung'unika, lakini hakumrudisha mtu.

Sebarenzi akapita mto, kisha akafika Mushaki, kisha akarudi kutoka Mushaki akiwa bado anasimulia. Mkanda ukapata tundu lake la zamani.

Mwezi wa nane wakaondoka siku kadhaa kabla ya ubatizo, maji kibuyuni, breki zimekazwa. Walisukuma palipokuwa pakali, walipumzika walipochoka. Milima ikaisha, pori likawafunika, joto likawapiga. Njia nzima Sebarenzi alikuwa akijizoeza: "Aitwe Sebarenzi. Aitwe Sebarenzi." Hakorimana alitamani pumzi ya mwenzake ikatike kidogo.

Karibu na Walikale wakakutana na tipoy na wabebaji wake. Papa Benoît alikuwa amekaa ndani, amekuja kumcheka mgonjwa wake. Sebarenzi akapiga kengele. Kisha akashuka, maana kwa mkwe hata Nestor angeshuka.

"Karibu, bamukwe," akasema bila kuhema. "Nakuona umechoka. Usishuke."

Wabebaji walicheka hadi kiti kikayumba. Benoît naye akacheka, akashuka, akamkumbatia. Hakuwa mtu mbaya, alipenda tu kushinda.

Siku ya ubatizo, Béata akamwekea baba yake mtoto mikononi.

"Taja jina, Papa."

"Aitwe Seba..."

"Papa, iko binti."

Mchuuzi wa mawese hakuwa amelisema hilo, wala Sebarenzi hakuuliza. Benoît akaziba mdomo kwa mkono. Sebarenzi alimtazama mtoto, akasikia machozi yanakuja. Akakumbuka ua uliojaa watu, na shamba lililokuwa likingoja.

"Aitwe Dancille," akasema. "Yeye njo alibeba salamu zangu zote."

Aliporudi Karuba akamweleza mkewe. Dancille akafuta macho kwa ncha ya kitambaa, akatoka nje, akaishika baiskeli.

"Shusha kiti kidogo," akasema. "Nataka kujifunza. Nitaenda kuona jina langu."

Akaanza siku ileile, mpaka mtoni na kurudi. Sebarenzi akabaki uani kugawa salamu za mkewe, na bibi Mukasine alikuwa wa kwanza kufika.