Sikio la Upande wa Ukutani

Mtu aliyelala haitiki. Akiitika, muulize kwanza ni nani, ndipo uendelee na maneno yako. Mke wa Mpole hakuuliza, na katika makosa yake yote hilo ndilo lililoyafungulia mengine mlango.

Mpole lilikuwa jina la utani. Mumewe alikuwa mwokaji wa mikate, mtu ambaye kisu kikimkata kidole angekiomba radhi kisu. Alifanya kazi katika tanuri la mjomba wake, aliyemchukua angali mtoto baada ya mama yake kufariki, akamlea, akamfundisha kukanda, kukata, na kupima moto kwa kiganja. Mjomba hakujaliwa mtoto. Mara kwa mara alisema, "Mpwa wangu, siku moja tanuri hili litakuwa lako." Mpole alishiba kwa maneno hayo. Mkewe alitaka kujua hiyo siku moja ni Jumatatu au Alhamisi.

Walikaa vyumba viwili nyuma ya tanuri. Kitanda chao kilibanwa ukutani hata ufagio haupiti, na ng'ambo ya ukuta huo kulikuwa na stoo ya unga, chumba kisicho na dirisha, chenye mlango wa chuma na komeo la nje. Mjomba alikuwa na kituko chake na stoo hiyo. Hakuifungua hata siku moja bila kubisha hodi.

"Mzee, unawabishia hodi panya?" wafanyakazi walimtania.

"Penye giza na chakula hapakosi mwenyeji," alijibu. "Hodi ni neno tu. Litanipunguzia nini?"

Mke wa Mpole alicheka kuliko wote. Alikuwa mwanamke mchapakazi, mwenye akili nyepesi na macho makali, na alijua angeliendesha tanuri lile vizuri kuliko mjomba na Mpole wakiunganishwa. Huenda alikuwa sahihi. Lakini kila asubuhi alikaa jikoni akikisikiliza kiti cha kaunta kikilia chini ya makalio ya mzee, na moyo ulimuuma kweli kweli.

Mumewe akiwa macho, haambiliki.

"Mwambie mjomba wako akukabidhi."

"Mjomba kanilea, mke wangu. Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo. Si unao?"

Mpole hucheka, huaga, hurudi kwenye unga wake. Basi mkewe akageuza njia. Waokaji huamka kabla ya jogoo, kwa hiyo Mpole alilala mchana, chali, sikio la kushoto upande wa mkewe, la kulia upande wa ukuta. Mkewe huketi ukingoni mwa kitanda, huinama, humnong'oneza. Haba na haba hujaza kibaba. "Wewe ndiye bwana wa tanuri. Hakuna fundi kama wewe. Mjomba amechoka. Apumzike."

Neno hilo alilipenda. Mchovu hupumzika akaamka, na marehemu naye tunasema amepumzika. Ni neno lenye nyuso mbili, na mke wa Mpole hakujisumbua kuamua anautumia uso upi.

Mchana mmoja wa jua kali, barabara imenyamaza na wafanyakazi wameshakwenda zao, alimaliza kunong'ona, akasikia jibu.

"Labeka, bibi."

Akamtazama mdomoni. Mpole akiitwa huitikia "Eee?" kama mtu aliyeamshwa kwa maji. Labeka hakuwahi kuisema, na mkewe hakuwahi kumwita bibi. Sauti ilikuwa yake, lakini kavu, kama ya mtu aliyebugia unga mkavu, na midomo yake haikuchezeka.

"Unaota wewe," mkewe alisema.

"Nakusikiliza, bibi."

Mwenye kujipenda angetoka chumbani. Lakini fikiria: mwanamke amesema peke yake miaka nenda miaka rudi, leo anaambiwa anasikilizwa. Ilikuwa tamu. Nywele zilimsimama, na bado akainama, akayasema tena yale yale, polepole. Mjomba amechoka. Apumzike.

"Nimesikia."

Mpole akaamka. Macho yalikuwa wazi, ila alimtazama mkewe kama mtu anavyoutazama mlango. Akafunga aproni, akatoka.

Mkewe akavuta kapu la nguo akaanza kukunja. Hazikupita dakika nyingi akasikia kupitia ukutani: "Hodi." Akatabasamu. Mzee na vituko vyake! Kisha ikaja tena, "Hodi," na sasa kiganja kinapiga chuma. Kisha, "Hodi, jamani, hodi," na baada yake filimbi, maana mjomba alikuwa na pumu, na kifua kikimbana hulia kama filimbi mpaka avute ile pampu yake ndogo ya dawa ambayo haachani nayo. Mke wa Mpole akakunja shati, akaona halikukaa sawa, akalikunjua, akalikunja upya, huku kiganja kikipiga chini zaidi na chini zaidi mlangoni, na filimbi ikipanda ikawa nyembamba kama uzi, naye akanyoosha kola kwa kidole gumba, akaiweka juu ya nyingine, mpaka ng'ambo ya ukuta pakawa kimya.

Wafanyakazi walimkuta alfajiri, komeo limeshafunguliwa, mzee amelala nyuma ya mlango na unga umemjaa usoni. Pumu, kila mtu alisema, na vumbi la unga, na uzee. Waombolezaji walimshika mke wa Mpole mkono, wakamfariji kwa neno moja.

"Mzee amepumzika, mama."

"Amepumzika," alijibu.

Akakipata kiti cha kaunta. Wateja walimwita mama mwenye tanuri, na kwa juma zima alilala usingizi mzuri, nisimsingizie. Kisha akafua aproni ya mumewe, na mfukoni mikono yake ikagusa kitu kigumu. Pampu ya mjomba. Akaitikisa sikioni. Ilikuwa imejaa dawa. Akaifunga kwenye kitambaa akaitupa chooni, wala hakumuuliza mumewe neno.

Mpole alikuwa anakanda, anakata, anaoka, lakini hakuongea tena na unga wake kama zamani. Mikate ikatoka michachu. Nyumba ikashika harufu ya unga mbichi uliolowana, harufu iliyoingia kwenye mashuka, kwenye nywele, kwenye maji ya kunywa. Mkewe alifagia kila asubuhi, na kila mchana alikuta nyayo nyeupe sakafuni, za mtu peku, zimetoka upande wa kichwani mwa kitanda, ukutani kabisa, zikaja mpaka alipozoea kuketi yeye. Alizitafuta za kurudi, hakuziona.

Kunong'ona aliacha. Haikusaidia. Mara Mpole alipofumba macho, kifua chake kilianza kulia filimbi, yeye ambaye hakuwahi kuugua hata mafua, na katikati ya filimbi ile kavu ikaja sauti.

"Bibi, nani mwingine amechoka?"

"Hakuna," mkewe alinong'ona. "Nenda zako. Tafadhali."

"Huyu ninayekaa ndani yake amechoka. Mikono yake inatetemeka akishika unga. Analia usiku na mchana, humsikii, ila mimi ananipigia kelele. Apumzike?"

"Hapana! Nakuomba, hapana!"

"Neno hilo bibi hujanifundisha."

Na filimbi ikapanda, nyembamba, nyembamba zaidi, ile ile aliyoisikia kupitia ukutani, midomo ya mumewe ikageuka rangi ya majivu, na mke wa Mpole akamtingisha, akamwita kwa jina alilopewa na mama yake, akampiga mashavu, akalia, akagundua wakati huo, ndugu yangu, kwamba kiti na kaunta na tanuri lenyewe angevitoa vyote kwa mtu yeyote anayepita barabarani ili tu mwanamume yule aliyeviomba visu radhi afungue macho na kusema "Eee?" Alifungua mwishowe, akahema. Akageuka, akautazama ukuta.

Siku hiyo hiyo mkewe akaenda kwa mkunga mstaafu aliyeishi juu ya duka la baiskeli. Watu walisema anatoa majini. Mkunga alimsikiliza huku anamenya chungwa.

"Nimezalisha nusu ya mtaa huu," alisema, "na wageni wa aina hiyo nimewatoa pia. Kazi ni moja. Aliyeingia hutoka kwa njia aliyoingilia. Wewe ulimpitisha wapi?"

"Sikioni," mke wa Mpole alijibu kwa sauti ya chini.

"Basi rudi sikioni. Mwambie ulichokitaka, kwa neno lenye uso mmoja. Usipambe, usipinde. Yeye anaishi ndani ya ule mpindo, umenielewa? Ukipinda, anabaki, na mumeo utamzika."

"Na mume wangu... atasikia?"

Mkunga akaweka kisu chini. "Sikio ni lake, mwanangu. Unataka asikie nani?"

Njiani kurudi alitembea kama aliyebeba beseni la maji kichwani. Akisema kweli, atampoteza mumewe. Asiposema, atampoteza pia, tofauti ni kaburi tu.

Alimkuta amelala, filimbi imeshaanza. Akaketi mahali pake. Akainama.

"Nilitaka mjomba apumzike kazi," alinong'ona. "Akae kivulini, ale, alale. Hilo tu."

Kifua cha mumewe kikacheka. Kicheko kilitoka bila mdomo kufunguka, na ukuta ukacheka nacho, taratibu, kama watu wawili wanaofahamiana.

"Bibi anapinda," sauti ilisema.

Pumzi ya Mpole ikakatika, ikarudi, ikakatika. Midomo ikawa majivu. Mkewe akamshika kichwa kwa mikono miwili, akabandika kinywa sikioni kwake, akasema bila kunong'ona sasa, kwa sauti ya mtu anayetapika:

"Nilitaka afe. Nilitaka afe na nilitaka mkono uwe wako, ili mimi nibaki safi. Nilisikia hodi yake. Nilijua inatoka ndani, nilijua komeo limefungwa kwa nje, nilijua nani kalifunga, na nikakunja shati lako. Mara mbili nililikunja. Ningeweza kuinuka. Sikutaka kuinuka!"

Ng'ambo ya ukuta kitu kizito kikaanguka, na kwenye ufa wa juu vumbi jeupe likapumuliwa ndani ya chumba. Filimbi ikakoma. Harufu ya mkate ikaingia kutoka uani, mkate mtamu, mkavu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mpole akafungua macho, na yalikuwa yake, na yalikuwa yamejaa machozi.

"Eee?" alisema. Mkewe akaangua kilio kwa furaha.

Mumewe akamwacha alie. Kisha akasema, "Nimekusikia."

"Najua."

"Nilikusikia tangu mwanzo. Nilikuwa nafumba macho tu, mke wangu. Mchana ndio ulikuwa wakati pekee unaniambia mimi ni fundi. Nilikuwa nangoja mchana kama mtoto." Akajifuta uso kwa shuka. "Maneno yako ya huku ningeyavumilia." Akagusa sikio la kushoto. "Ya huku ndiyo yaliyonishinda." Akagusa la kulia.

"Ya huko yapi?"

"Uliyokuwa unaninong'oneza. Huku kushoto ulisema apumzike. Huku kulia ulinieleza pampu iko mfuko gani."

Mkewe akatazama pengo kati ya kitanda na ukuta, mahali ambapo ufagio haupiti.

"Huko," alisema, "sijawahi kufika."

Mpole akainuka, akavaa shati, lile lile, kola imenyooka. Aproni aliiacha msumarini.

"Unakwenda wapi?"

"Kituoni, kwa polisi."

"Utawaambia nini, mume wangu?"

"Kwamba mjomba alibisha hodi," Mpole alisema, "na sisi sote wawili tulikuwa nyumbani."

Hakubamiza mlango. Hata siku ile hakuweza kuubamiza mlango. Mkewe alisikiliza hatua zake uani, kisha barabarani, kisha hakuzisikia tena. Alijua watarudi pamoja naye, askari wawili watatu, na hakufikiria kukimbia. Macho hayakuwa yamepata usingizi wa kweli siku nyingi. Upande wa mumewe kitandani bado ulikuwa na joto. Akajisogeza pale, achukue angalau harufu yake, akalala ubavu wa kushoto, na sikio la kulia likabaki juu, karibu na ukuta.

"Hodi," ukuta ulisema.

Hakuitikia "Karibu." Alifumba macho, akabana kinywa, akajiambia kwamba mkunga alisema mgeni atatoka, na kweli alikuwa ametoka, alitoka kwa mumewe, lakini hakuna aliyeuliza akitoka ataelekea wapi, na sasa pumzi ya uvuguvugu yenye harufu ya unga mbichi ikamgusa shingoni, ikapanda, ikatulia sikioni, ikaanza kwa upole ule ule aliokuwa akiutumia yeye, na maneno yale yale.

"Umechoka, mama. Pumzika."

Alitaka kusema hapana. Alilitafuta neno hilo kinywani mwote, akaliita, akaliomba. Kilichotoka, kwa sauti yake mwenyewe, kavu kama ya mtu aliyebugia unga, na midomo haikuchezeka, kilikuwa kingine.

"Labeka, bwana. Nimesikia."