Leso yenye Uzi wa Kijani

Je, umewahi kumtambua mtu kwa leso tu, uso wake huuoni?

Mukami alikutana na Opicho kwenye vibanda vya mafundi wa jua kali vya Kariobangi, siku kishikio cha simu cha kliniki yake kilipovunjika. Yeye sketi ya buluu iliyonyooshwa kwa pasi, Opicho ovaroli yenye grisi hadi kolani. Kazi ya Mukami ilikuwa Buruburu: manesi wa mashambani hupiga picha vidonda na madoa ya wagonjwa kwa simu, wakazituma, naye huzipanga, za hatari mbele, kabla daktari hajazitazama. Wagonjwa wa hapo Buruburu aliwapiga picha mwenyewe, na simu ikitikisika, picha haifai. Opicho akamkunjia kishikio kipya kwa bati la sufuria kuukuu, na namba ya Mukami akaipata.

Mapenzi yakakolea. Ila huko Bungoma mamake Opicho hakuwa ametamka lolote kuhusu Mukami, msichana wa Kirinyaga. Mukami akamtumia leso ya kujifunga, ya manjano yenye majogoo, aliyoipinda ukingo kwa mkono; uzi wa manjano ulipomwishia, akamalizia kwa wa kijani. Leso ilifika. Jibu halikuja.

Asubuhi moja ikaingia picha, bila jina wala kijiji, namba tu, kama kawaida yao. Wayo wa mwanamke mzee, doa jeusi lenye kingo zisizo sawa. Chini ya kisigino, majogoo. Na uzi wa kijani.

Mukami aliitambua leso aliyoituma Bungoma. Akaiweka mbele ya zote. Daktari akaagiza mama huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, akatwe kinyama kipimwe.

Jioni Opicho akapiga. "Mrembo wangu, mbona sauti imekauka?"

"Kazi tu, Opi."

"Mama naye kila nikimuuliza hali anacheka tu. Ama nyinyi wawili mmeamua kunificha kitu?"

Alikuwa anatania. Mukami nusura aseme, lakini ugonjwa wa mtu ni wake kuutangaza. Akaaga upesi. Simu zilizofuata aliziacha zilie, akiuogopa mdomo wake mwenyewe, na kila picha mpya ilimshtua. Opicho akamwandikia kwamba kama amechoka na fundi wa grisi aseme, asimchezee.

Majibu ya kipimo yakakawia. Kisha mchana mmoja Opicho akasimama mlangoni pa kliniki, ovaroli mwilini, macho mekundu. Mamake alikuwa amempigia mwenyewe: nesi alituma picha Buruburu, ni saratani, imekatwa yote, haijasambaa. Wangechelewa kidogo, mguu ungekatwa.

"Ulijua," akasema.

"Niliijua leso."

"Ukaniacha nikutukane?"

"Yeye hakuwa amekuambia. Ningekuambiaje mimi?"

Opicho akajifuta mikono, ingawa haikuwa na kitu. Akasema mama anauliza aliyeshona leso ile atakuja lini. Hata hospitalini alikataa kuivua.

Miezi yote Mukami alikuwa akingoja aulizwe. Sasa hakungoja.

"Nipeleke Jumamosi. Lakini siendi kama mtu wa kliniki," akasema. "Nataka unioe, Opi."