Mstari Mtupu kwenye Barua ya Shangazi

Chumba chetu cha kushonea kina dirisha moja na cherehani mbili. Cherehani ya dirishani ni ya Shangazi. Ya pembeni ni yangu. Asubuhi tunafagia vipande vya nyuzi, tunapasha pasi moto, kisha kazi inaanza. Shangazi hukata na kushona. Mimi hutengeneza matundu ya vifungo na kupinda mapindo.

Ukutani kuna saa ya mviringo. Saa hiyo ndiyo iliyotuletea habari za harusi.

Ilipoharibika mwaka jana, Shangazi aliipeleka kwa fundi saa wa mtaa wa pili, mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye miwani minene. Watu humwita Dakika Tano, kwa sababu ukimuuliza kazi itakwisha lini, hujibu, "Dakika tano tu." Saa yetu ilikaa kwake miezi miwili. Kila Shangazi alipoifuata, saa haikuwa tayari, lakini kiti kilikuwa tayari na chai ilikuwa tayari. Hatimaye saa ilirudi ukutani, na Dakika Tano akawa anapita kila jioni kuangalia kama inakwenda vizuri.

"Saa hiyo ina ugonjwa gani usiopona?" majirani waliuliza, wakichekeana.

Basi wakakubaliana kuoana. Jumatatu moja walikwenda kwa msajili wa ndoa kuandikisha. Nilibaki nikishona, sikio langu liko barabarani. Walirudi kabla sijamaliza shati moja. Shangazi aliingia, akakaa kwenye cherehani yake, akaanza kuikanyaga kwa nguvu. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

"Kuna nini, Shangazi?"

"Muulize huyo."

Dakika Tano alivua miwani. "Msajili hakutukataa, binti. Alimuuliza Shangazi yako kama amewahi kuolewa. Akajibu ndiyo, na kwamba waliachana mahakamani miaka kumi na saba iliyopita. Basi msajili anataka karatasi ya mahakama inayoonyesha ndoa ile ilivunjwa. Ametupa wiki mbili. Tusipoileta, siku yetu atapewa mtu mwingine, na yeye anaondoka likizo ndefu."

"Na karatasi iko wapi?"

"Kwa yule," alisema Shangazi.

Nyumbani kwetu "yule" ni mtu mmoja tu, mume wake wa kwanza. Shangazi amenilea tangu nikiwa na miaka sita, na sijawahi kumsikia akitaja jina la mtu huyo. Hata mimi sikulijua.

"Siku ile yule alichukua karatasi, mimi nikachukua cherehani yangu," Shangazi alisema. "Sikutaka kingine. Leo nikapige hodi mlangoni kwake? Niseme naomba? Afadhali nikae hivi hivi."

"Nitakwenda mimi," alisema Dakika Tano.

"Uende umwambie nini? Hodi, nimefuata cheti cha mkeo?"

"Nitasema kistaarabu."

"Utasema dakika tano tu, ukae mpaka kesho kutwa."

Nilitaka kucheka, lakini niliona macho ya Shangazi yamejaa maji. Dakika Tano naye aliona. Akageuka kuitazama saa ya ukutani, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Mchana ule nilitumwa kwa Mama Taipu kutoa nakala ya kitambulisho cha Shangazi. Mama Taipu ana duka dogo la kuchapa barua. Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka ishirini na miwili. Nilipopata nakala yangu, sikuondoka. Nilisimama pale nikikunja na kukunjua bahasha.

"Mwanangu, umeota mizizi?" aliniuliza. "Sema tu. Mdomo haukatwi kodi."

Nikamweleza kwa sauti ndogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Nani kawaambia karatasi iko kwa mume peke yake? Kesi ikisikilizwa, mahakama inabaki na jalada. Jalada ni faili lenye karatasi zote za kesi hiyo. Mume anaweza kuichoma nakala yake, anaweza kuifungia sabuni, lakini jalada la mahakama liko palepale. Kesi ile ni ya Shangazi yako pia. Ana haki ya kuomba nakala. Hahitaji ruhusa ya mumewe wa zamani, wala kumwona sura."

Nilirudi nyumbani mbio. Jioni Mama Taipu akaja mwenyewe, kalamu sikioni.

"Kwanza," alisema, "mahakama ipi?"

"Si hii ya hapa karibu?" aliuliza Dakika Tano.

"La. Unakwenda pale kesi iliposikilizwa, si pale unapoishi sasa. Wengi wanapoteza siku nzima hapo."

Shangazi alisema ilikuwa mahakama ya kule alikoolewa, safari ya saa tatu kwa basi.

"Mwaka gani?"

"Mwaka ule wa mvua nyingi."

"Mvua haina namba, dada."

Dakika Tano alicheka, akatazamwa, akaacha. Mimi nikakumbuka sanduku la madaftari. Shangazi hatupi daftari la vipimo, hata likiliwa na mende. Kila mteja ana ukurasa wake: kifua, kiuno, urefu wa mkono, na tarehe ya kuchukua nguo. Niliburuta sanduku, nikafungua madaftari ya zamani moja moja. Katika la nne, chini ya vipimo vya sare za shule, palikuwa na maneno kwa mkono wa Shangazi: *Kesho sishoni. Naenda mahakamani kusomewa hukumu.* Juu yake palikuwa na siku, mwezi na mwaka.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta!" Mama Taipu alisema. "Karani akipewa mwezi na mwaka, hana haja ya kufukua rafu zote. Namba ya kesi mnayo?"

"Hatuna."

"Si neno. Namba inaharakisha kazi, lakini wasipokuwa nayo wanatafuta kwa majina kwenye rejesta. Nipe jina lako kama lilivyoandikwa wakati ule."

Shangazi akalitaja.

"Na la mume?"

Shangazi akaanza kuokota nyuzi kwenye sketi yake. Sketi haikuwa na nyuzi.

"Andika yule," alisema mwishowe.

"Dada yangu, yule hana jalada."

"Basi acha kwanza."

Kesho yake Mama Taipu alituletea barua. Ilikuwa fupi. Ilisema Shangazi ni nani, kesi ilikuwa ya talaka, ilisomwa hukumu tarehe fulani, na anaomba nakala ya hukumu na ya amri ya kuvunja ndoa, zenye muhuri wa mahakama. Katikati palikuwa na mstari wa nukta.

"Hapo pana nafasi ya jina," alisema. "Jaza kabla hujafika dirishani kwa karani. Beba kitambulisho. Uliza masijala, ndipo majalada yanapotunzwa, usimfuate hakimu. Ada lipia kwenye ofisi yao tu, na risiti udai. Akitokea mtu getini na njia ya mkato, mwambie asante, kisha pita."

Jumatano tukapanda basi la kwanza, Shangazi na mimi. Njia nzima barua ilikuwa kwenye mkoba, na kalamu ilikuwa kwenye mkoba. Hazikukutana.

Getini kweli alikuwapo mtu mwenye faili kwapani. "Mama, talaka? Mirathi? Leo leo unapata."

"Asante," alisema Shangazi, akapita. Nilimfuata nyuma kama mkia.

Masijala ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha la waya. Ndani tuliona majalada yamepangwa hadi darini, yamefungwa kwa kamba za pamba. Karani, mwanamume wa makamo mwenye sweta la kijani, aliichukua barua, akatazama kitambulisho, akafungua rejesta kubwa ya mwaka ule. Kidole chake kilishuka ukurasa mmoja, kikashuka wa pili, kikashuka wa tatu.

"Jina lako halipo, mama."

"Halipo?"

"Halipo."

Shangazi alinyoosha mkono kuchukua barua yake. Nilijua anachofikiri. Alikuwa anaiona nyumba ya yule, na mlango wake, na yeye mwenyewe amesimama nje. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, lakini nikasogea dirishani.

"Samahani, baba. Rejesta imepangwa kwa jina la nani?"

Karani alinitazama. "Swali zuri. Kwa jina la aliyefungua kesi. Nani alifungua?"

"Yule," alisema Shangazi.

"Yule nani? Naona na hapa mstari mtupu. Mama, mimi nina kesi za talaka themanini za mwaka ule mmoja. Kina yule wote wamo humu."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni akacheka kwa pua. Shangazi hakucheka. Alishika kalamu. Mkono wake hukata kitambaa bila kuchora mstari, lakini sasa kalamu ilikwama juu ya nukta.

"Shangazi," nilimnong'oneza, "ni jina la kwenye rejesta tu. Halirudi nasi nyumbani."

Alivuta pumzi. Akalitaja kwa sauti, kisha akaliandika juu ya nukta, herufi kubwa kubwa.

Lilikuwa jina la kawaida kabisa. Tuna wateja watatu wanaoitwa hivyo. Ndipo nikaelewa kwa nini siku zote huniachia mimi niwapime.

Kidole cha karani kilishuka tena. Katikati ya ukurasa kikasimama.

"Huyu hapa. Na jina lako liko mbele yake, kama mdaiwa, yaani aliyefunguliwa kesi." Akaandika namba ya kesi kwenye kipande cha karatasi, akatupa. "Usiipoteze hii. Jalada liko kwenye ghala la mafaili ya zamani. Lipieni ofisi ya pili kulia, mniletee risiti, mrudi Jumanne."

Njia ya kurudi Shangazi alinunua machungwa, akamenya, akanipa nusu. "Lile jina," alisema akitazama nje, "nilidhani litaniunguza ulimi."

"Likafanyaje?"

"Hakuna. Ni jina tu." Akatema mbegu dirishani.

Jumanne tulirudi. Karani alikuwa ametoa jalada, kamba imefunguliwa. Alitupa nakala mpya. "Zisomeni hapa hapa," alisema. "Majina, tarehe, sahihi, muhuri. Kosa likionekana hapa, tunalirekebisha leo. Likionekana kwa msajili, ni safari nyingine."

Nilisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Kila kitu kilikuwa sawa. Kisha karani akageuza karatasi ya mwisho ya jalada.

"Halafu kuna hii. Siku ile zilitayarishwa nakala mbili, mama. Moja ya bwana, moja yako. Bwana alisaini akachukua. Yako hukuja kuichukua. Iko hapa."

Ilikuwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa, na pini yake imeshika kutu. Shangazi aliipangusa vumbi kwa kiganja.

"Kumbe na mimi nilikuwa na yangu," alisema.

"Ulikuwa nayo miaka yote."

Alisaini, akaipokea. Msajili alihitaji ile mpya yenye muhuri wa siku hizi, lakini ile ya zamani ndiyo Shangazi aliyoibeba kifuani mpaka nyumbani.

Alhamisi msajili alisoma nakala, akagonga muhuri wake, akasema, "Tutaonana siku yenu." Dakika Tano alimshukuru mara nne. Mama Taipu alitutolea nakala tatu zaidi. Moja tumeweka sandukuni, moja iko kwake, moja kwa dada yake Shangazi. "Karatasi muhimu isilale nyumba moja," alisema Mama Taipu.

Jioni hiyo Shangazi alikunjua kitambaa cha gauni lake. Nikachukua daftari la vipimo nitafute ukurasa wake. Sikuupata. Katika madaftari yote, ya zamani na mapya, hapakuwa na vipimo vya Shangazi.

"Fundi hajipimi," alisema.

"Leo atapimwa. Simama wima."

Alisimama katikati ya chumba, mikono imenyooka, akiona haya kama mteja mgeni. Nilipima mabega, kifua, kiuno, urefu. Niliandika kila namba kwenye ukurasa mpya.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Bado. Chini yake andika namba ya kesi. Anayepoteza namba hupoteza safari mbili za basi."

Nikaiandika. Majirani wawili wameshakuja kutuuliza habari za karatasi za namna hiyo, na wote nimewaonyesha ukurasa ule, na kuwaambia wajaze majina yote mawili kabla ya kupanda basi.

Siku ya harusi ilipofika, nilikuwa nashona kifungo cha mwisho cha gauni, mvaaji akiwa ndani yake. Nikasikia mtu akikohoa nje. Nilichungulia dirishani. Dakika Tano alikuwa amekaa kwenye kizingiti, suti imepigwa pasi, nusu saa kabla ya wakati.

"Jamani, mko tayari?" aliita.

Shangazi alijitazama kwenye kioo, akatabasamu, hakuharakisha hata kidogo.

"Dakika tano tu!" alijibu.