Vitabu vya Mzee Shigela

Karanga za Paskazia zilipoteza ladha siku ileile alipochana kitabu cha mapishi kuzifungia. Chumvi aliweka, moto ulikuwa uleule, lakini wateja wa stendi ya Kisesa walitema na kuondoka wakisonya.

Vitabu vyenyewe vililetwa na mumewe, Malimi. Enzi za ruksa hizo, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, mali ya umma inauzwa hadi vitasa! Chama cha ushirika kilipofilisika, Malimi, aliyekuwa mlinzi pale, alimburuta nje Mzee Shigela, mtunza maktaba, akaipiga maktaba kufuli mbele ya macho yake. Mzee wa watu hakumaliza mwezi, uchungu ukamuua. Malimi akabeba magunia ya vitabu kwa bei ya kutupa, eti vifungashio. Mtu ana roho ngumu huyo, we acha tu!

Paskazia alichungulia kabla ya kuchana, na akichungulia haachi. Ufugaji wa nyuki. Nyota. Sheria za ardhi. Hadithi ya mapenzi iliyomliza mpaka karanga zikaungua.

"Kumbe dunia ina mambo yote haya!" alisema peke yake, akafurahi kama aliyeletewa zawadi.

Malimi yeye alichana tu. Alipochana kitabu cha magonjwa ya mifugo, ng'ombe wake wawili walivimba matumbo wakafa. Alipochana kitabu cha ramani, alivuka ziwa kwenda Sengerema, akarudi hajui kwake ni wapi. Jirani alimkuta Nyegezi analia hadharani.

Kisha gunia likaanza kunuka ugoro, ule aliokuwa akinusa Shigela, na mchana kweupe, bila upepo, kurasa zikasikika ndani yake zikifunuliwa moja moja, kama mtu anayetafuta alipoishia.

"Baba Gladness," Paskazia alinong'ona, "kitabu ukikichana, mambo yake yanaondoka humu ndani. Acha, nakuomba."

"Ushamba huo. Karatasi ni karatasi."

"Kile cha malezi ya watoto kiko wapi?"

Malimi akatazama rundo la vifungashio. Alikuwa amekimaliza asubuhi.

Paskazia alikimbilia mkekani. Gladness, mtoto ambaye hata kutambaa hajaanza, alikuwa amelala macho wazi, halii, hanyonyi, wala hamwangalii mama yake.

Wakamwita Mama Mhoja, mganga. Alinusa ugoro mlangoni tu, akamtambua mwenye nao, akashika kichwa.

"Malimi, siku ile unamtoa huyu mzee wa maktaba, ulimwamkia?"

"Sikumwamkia."

"Hata salamu! Ulimtoa kama mbwa. Piga magoti, mwamkie, muombe radhi. Labda atasikia."

Malimi akapiga magoti mbele ya gunia, jasho likimtiririka, na kadiri alivyoinama ndivyo kurasa zilivyozidi kufunuka kwa kasi, harufu ya ugoro ikimjaa puani, mkewe akilia nyuma yake, Mama Mhoja akimsukuma begani aseme upesi, upesi, kabla hawajachelewa.

"Shikamoo, Mzee Shigela. Nimekukosea. Nisamehe, niachie mwanangu."

Kurasa zikatulia. Harufu ikatoka kwenye gunia, ikampita usoni, ikaelekea mkekani.

"Marahaba," Gladness akajibu kwa sauti ya kizee, kinywa hakina hata jino. "Ulinitoa kwangu, Malimi. Humu nimeshaingia, na hakuna wa kunitoa."