Vipimo vya Mwanamke Mwingine

"Hivi vipimo si vyako, mdogo wangu," fundi wa mavazi aliniambia, futikamba ikining'inia shingoni mwake. "Gauni la sehemu ya pili ya filamu nimeambiwa nilikate kwa mtu mwingine."

"Nafasi si ni yangu?"

"Mimi ni mtu wa sindano tu. Mambo ya nafasi muulize mwongozaji. Ila mtandaoni si mmeshaanikwa?"

Nikafungua simu. Nikakuta picha yangu na Mpole, yule anayeigiza mume wangu kwenye filamu, kila mmoja anakula kwenye meza yake, tumepeana mgongo. Chini yake wameandika: "Chiriku na Mpole hawapikiki chungu kimoja. Nyota mpya yuko njiani. Unadhani ni nani?" Watu elfu mbili walishatabiri, na hakuna hata mmoja aliyenitaja mimi.

Ngoja niseme ukweli. Mpole ni mpenzi wangu. Tunaigiza mke na mume wasiosemeshana, sasa kila akinitazama mimi nacheka, picha inaharibika, mwongozaji anasema turudie. Ndipo nikaweka sheria: kazini hakuna salamu, meza mbalimbali, na asiambiwe mtu lolote juu yetu mpaka niseme mimi. Nilimwapisha kabisa. Jioni tukifika kwa dada yake mkubwa tunaongea mpaka anatufukuza jikoni. Wanaoniita Chiriku wanajua nilivyoteseka.

Nikampigia. Hakupokea. Nikaandika: "Mpole, umeomba nitolewe?"

Akajibu papo hapo: "Niko ofisini kwa mwongozaji. Nitakueleza."

Niliumia, sifichi. Miaka sita niliigiza majirani na wauguzi wasio na neno la kusema, mpaka nikapata nafasi hii. Leo aninyang'anye mtu niliyempa moyo wangu? Nikavuka ua kwa hasira, pini za fundi bado zimo kwenye upindo wa sketi, nikaingia ofisini bila kubisha.

"Mwambie mbele yangu," nikamwambia Mpole. "Mwambie hunitaki."

Akatazama dari.

"Unaona?" mwongozaji akasema. "Mara tatu nimemuuliza, kuna nini kati yenu? Jibu lake ndilo hilo, dari. Nikasema hawa wamefika pabaya, bora niite mwingine. Leo kaniletea hiki."

Akagonga muswada uliokuwa mezani.

"Anasema kama Chiriku hayumo, naye hayumo. Nina miaka ishirini kwenye kazi hii, sijaona maadui wa namna hii."

Nikauangalia ule muswada. Ulikuwa wa Mpole, maneno yake yote kayapigia mistari ya kijani.

"Ulikuja kuurudisha?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Sasa kwa nini hukumwambia tu?"

Akanitazama kama mtu anayeomba ruhusa, ndipo nikakumbuka. Kazi ya sehemu ya kwanza ilishakwisha, na mimi sikuwahi kumfungua mdomo. Mwanaume wa watu alikuwa bado analinda kiapo changu, na kiapo hicho nusura kinitoe kazini.

"Sema," nikamwambia. "Sema chochote."

"Nampenda," akamwambia mwongozaji. "Tangu wiki ya kwanza. Kunyamaza ilikuwa amri yake."

Mwongozaji akavua miwani.

"Miezi mitatu nawapangia magari mawili."

"Tusamehe, kaka."

"Na dereva wa pili alikuwa wa kazi gani, jamani?" Akachukua simu. "Fundi? Rudisha vipimo vya zamani. Ndiyo, vya Chiriku. Yule mwingine atacheza mdogo wake."

Nikadhani yamekwisha. Mpole akaninyooshea mkono.

"Kwa kuwa leo nina ruhusa, nipigie mama yako."

Nikapiga, nikaweka sauti ya wote kusikia.

"Shikamoo, mama. Ni Mpole, ninayeigiza na Chiriku."

"Marahaba. Wewe si ndiye unayemnunia mwanangu?"

"Ndiye mimi, mama. Naomba nije nyumbani na dada yangu. Nataka kumuoa."

Mama akapandisha sauti.

"Huyo huyo unayemnunia?"

"Huyo huyo, mama."

"Na mwenyewe anasemaje?"

Wote wakanigeukia. Mimi, mwenye maneno kuliko redio, nilikuwa sina hata moja.

"Nakubali, mama," nikasema mwishowe, na sauti ilitoka ndogo.

"Basi njooni Jumamosi. Baba yako niachie mimi."

Nikakaa kwenye kiti cha mwongozaji bila kukaribishwa, nikalia, na siku hiyo hakuna aliyesema turudie.