Kengele ya Ng'ombe Aliyekufa Maji

Haya alinieleza Halake mwenyewe, mfugaji wa huku Garsen, mtu asiyependa porojo. Mto Tana ulipofurika, ng'ombe wake kiongozi alikufa maji. Halake akamvua kengele ya mti kwa mkono wake, akaitundika ukutani nyumbani.

Mwezi mmoja baadaye alikuwa akirudi na dawa ya kupe, giza linaingia, alipoisikia ndani ya mahindi ya jirani yake Gunga. Ko. Ko-ko. Kengele ile aliichonga yeye, mlio hangeukosea. Moyoni akasema, nimeibiwa.

Gunga alikuwa juu ya dungu lake, akilinda mahindi yasiliwe na viboko.

"Kengele yangu imefikaje shambani mwako?"

"Hata mimi naisikia, ndugu yangu. Mwanzo nilidhani ni wewe unanilishia ng'ombe shambani. Nikamtafuta siku tatu. Sasa nakaa tu, nasikiliza."

Halake hakumwamini. Aliwasha tochi akaingia. Mlio ulikuwa hatua chache mbele yake kila mara, kisha ukanyamaza. Hakuona alama ya kwato wala bua lililovunjika.

Akakimbilia nyumbani, akijua atakuta ukuta mtupu. Kengele ilikuwa pale pale.

"Hakuna aliyeigusa, Baba Ikran," mkewe Barwako akamwambia. "Nimeshinda hapa."

Halake akanyoosha mkono. Kamba ya ngozi ilikuwa imelowa, na ina joto, kama iliyovuliwa shingoni sasa hivi.